Tabia mbaya

Mwaka 2016 nilikuwa mkalimani wa mahakama hapa Lamu. Kazi yenyewe kuieleza ni rahisi: shahidi anasema kwa Kiswahili, wewe unageuza kwa Kiingereza, hakimu anaandika kwa mkono. Kilichoandikwa ndicho kesi. Kisichoandikwa, hakikusemwa.

Jioni moja, kesho yake ikiwa kesi ya mtoto wa kike kutoka kisiwa cha Pate, mzee mmoja alinikuta Mkunguni, mbele ya ngome. Alikuwa rafiki wa marehemu baba. Aliniuliza hali, akaulizia wanangu mmoja mmoja kwa majina, akaniagizia kahawa na kashata. Kikombe cha pili ndipo akasema, "Mwanangu, wewe ndiwe ulimi wa mahakama. Na ulimi hauna mfupa."

Sikumjibu. Lakini kahawa niliinywa.

Kiongozi wa mashtaka alikuwa mwanamke wa bara, mtu mzima, sote tukimwita Mama. Kwa cheo chake angeweza kukaa ofisini akawatuma vijana, lakini kesi za watoto hakumwachia mtu. Wiki nzima alikuwa akihangaikia kipande kimoja cha karatasi: kadi ya kliniki ya yule mtoto, maana cheti cha kuzaliwa hakikuwapo. Chini ya Sheria ya Makosa ya Ngono, umri ndio unaoamua adhabu. Mtoto wa miaka 12 hadi 15, kifungo hakipungui miaka 20. Umri usipothibitishwa, shtaka linabaki linayumba kama dau lisilo na nanga. Kadi ilipatikana, imezongwa ndani ya mfuko wa nailoni, tarehe za chanjo zimefifia lakini zinasomeka. Miaka 13.

Asubuhi, kesi haijaanza, mama wa mtoto akasimama. Alisema anaiondoa. Familia zimekaa, yamemalizwa nyumbani. Aliyasema haya akitazama sakafu, kama mtu anayesoma barua aliyoandikiwa na mwingine.

Mama, kiongozi wa mashtaka, akainuka. "Mheshimiwa, kesi hii ni ya Jamhuri. Kifungu cha 40 hakimpi mzazi uwezo wa kuikomesha, wala wazee. Uamuzi ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, naye hajaikomesha." Kisha akamgeukia yule mwanamke, sauti ikashuka kabisa. "Dada, niazime leso zako."

Yule mama alishangaa, akazitoa, zote mbili. Sheria inaruhusu shahidi mtoto akingwe asimwone mshtakiwa. Sisi siku hiyo hatukuwa na pazia. Karani mwenzangu akaleta kamba ya kufungia mafaili, tukaivuta kutoka nondo za dirisha hadi kwenye msumari wa kalenda, tukazitundika leso. Watu niliowasimulia huniuliza zilikuwa na maneno gani. Sikuyasoma. Nakumbuka zilikuwa nyekundu, na upepo wa bahari ulikuwa ukizivuta, mtoto akizishika pindo zisifunuke.

Akaulizwa kilichotokea. Akasema, "Alinifanyia tabia mbaya."

Nikageuza neno kwa neno. Kwa Kiingereza ikatoka kana kwamba mtu amepita wakubwa zake bila kuwaamkia. Kalamu ya hakimu ikaandika.

Nimejitetea mara nyingi moyoni kwamba mkalimani haongezi lake, na kwamba nilichotamka ndicho alichosema. Ni kweli. Lakini mimi ni mtu wa huku. Nilijua mtoto wa kwetu akisema tabia mbaya anakusudia nini, na nilijua kule kwenye daftari litasomeka vipi. Kama ilikuwa ni ile kahawa, mpaka leo sijui.

Mama hakunitazama. "Mheshimiwa, naomba shahidi aulizwe, anaposema tabia mbaya, anakusudia jambo gani."

Mtoto akanyamaza. Wakili wa mshtakiwa akainuka, hakimu akamwashiria akae. Tukasubiri. Mimi nimeona viongozi wa mashtaka wengi wakishindwa na kimya cha namna ile, wakamtilia shahidi maneno kinywani, na kesi ikaharibikia papo hapo. Yeye alisubiri, mikono nyuma. Mwisho akasema, "Mwanangu, sema kwa Kipate chako, kama unavyosema nyumbani. Huyu mkalimani ni wa huku. Atakufahamu."

Nikahisi jasho mgongoni.

Mtoto alisema maneno machache, kwa sauti ndogo. Sitayaandika hapa. Niliyageuza yote, moja moja, bila kulainisha, na hakimu aliandika yote.

Wakati wa mapumziko Mama alinikuta barazani. Nilitarajia kukemewa. "Nilipoanza kazi," akasema, "sheria yenyewe ilikuwa ikisema kama wewe. Makosa haya yalikuwa kwenye Kanuni ya Adhabu, sura ya Makosa Dhidi ya Maadili. Maadili, unasikia? Mpaka Njoki Ndung'u, alipokuwa mbunge wa kuteuliwa, akapeleka mswada bungeni, tukapata sheria ya 2006." Akaniuliza samaki wa kupaka wazuri wanapikwa wapi, akaondoka. Jambo lile hakulitaja tena, hata siku alipohamishwa. Hukumu ilitoka nikiwa likizoni: miaka 20. Yule mzee salamu yangu haitikii tena.

Siku ile tulipomaliza, leso zilikuwa bado kwenye kamba. Mama wa mtoto alikuwa ameshatoka mbio, maana maji yalikuwa yakitoka na chombo cha Pate hakingoji. Nikazifungua, nikazikimbiza hadi gatini. Mashine ilikuwa tayari inanguruma. Mtoto ndiye aliyezipokea. Akazikumbatia, akanitazama.

"Yote umeyasema?"

"Yote."

Mama yake akamvuta mkono, wakapanda.