Rimu za Subaru kwenye Premio: pima kabla ya kulipa

Kuhesabu matundu matano hakutoshi. Toyota Premio na Subaru Forester ya SG (kizazi cha pili) zote ni 5x100, yaani matundu matano ya boliti kwenye duara la kipenyo cha mm 100, lakini tundu la katikati la rimu ya Subaru ni mm 56.1 na habu ya Toyota, kitovu cha gari kinachoingia kwenye tundu hilo, ni mm 54.1. Rimu itaingia, ila itacheza. Bila ringi ya kujazia pengo hilo usukani unaweza kutetemeka ukiongeza mwendo, nawe utalipia balansi bure. Kinyume chake hakiwezekani: rimu ya Premio haivuki habu ya Subaru.

Nati za Subaru mwachie muuzaji. Uzi wake ni M12x1.25 (unene mm 12, nafasi ya uzi mm 1.25), wa Toyota ni M12x1.5, ukilazimisha kwa mashine ya upepo, boliti imekwisha. Rimu nyingi za kiwandani za Toyota hukaliwa na nati bapa yenye washa, za Subaru nati ya koni. Usichanganye: rimu ya Subaru kwenye Premio inataka nati ya koni yenye uzi wa Toyota.

Soma ET nyuma ya rimu, yaani umbali wa mm kati ya uso unaokaa kwenye habu na katikati ya upana wa rimu. Kwa upana uleule, ET38 badala ya ET48 husogeza gurudumu nje mm 10. Funga rimu bila tairi, izungushe, angalia kalipa na shokamzoba. Rimu iliyochomelewa ukingo wa ndani, iache hapohapo.