Mlo mmoja mbichi kila siku: kumbukumbu ya nyumba yetu, Tanga

Juni, wiki ya kwanza

Tumeanza. Kuanzia Jumatatu hii chakula cha asubuhi nyumbani kwetu hakipiti kwenye moto. Mchana na usiku tunapika kama kawaida: wali, ugali, maharage, samaki. Jambo la pili tulilokubaliana ni kwamba siku ya Jumamosi hatupandi bajaji. Tunakwenda baharini kwa miguu au kwa baiskeli, wote sita: mimi, mume wangu, mama mkwe wangu na watoto watatu, wa miaka 11, 8 na 4.

Tunakaa Tanga mjini na bahari iko mwendo wa nusu saa tu. Hata hivyo, nikihesabu mwaka mzima uliopita, watoto waliingia majini mara nne, na tatu kati ya hizo zilikuwa sikukuu. Asubuhi ni maandazi na chai yenye sukari nyingi, kisha bajaji hadi shuleni, jioni televisheni. Mume wangu alipopimwa presha ikakutwa imepanda, nikaona tusipoanza sasa tutaanza kwa kulazimishwa.

Wazo la chakula kibichi nililipata nikisoma habari za daktari mmoja wa Uswisi, Maximilian Bircher-Benner, aliyefungua nyumba ya matibabu mjini Zürich mwaka 1904. Wagonjwa wake aliwapa matunda na mboga mbichi, na zaidi ya yote bakuli la tufaha lililokunwa, likachanganywa na oti zilizolowekwa, ndimu na njugu. Kilichonivuta ni kwamba hakuwaachia chakula peke yake. Aliwaamsha alfajiri wakatembea, akawatia kazini bustanini, akawalaza mapema. Nikasema huyu mtu nimemwelewa.

Juni, mwisho wa mwezi

Wiki tatu za bakuli la tufaha zimetosha. Tufaha na oti vinanunuliwa dukani, bei yake inakula pesa ya mboga, na watoto wanakichokoa chakula kwa kijiko bila kukila. Bibi yao alionja mara moja akaniambia kwa upole, "Mwanangu, hiki ni chakula cha mgonjwa." Hakuwa amesoma habari za Zürich, lakini alikuwa amesema kweli tupu.

Nikageukia kachumbari za asubuhi. Karoti na kabichi za Lushoto zipo sokoni mwaka mzima, na zikikatwa nyembamba na kukamuliwa ndimu zinaliwa. Mchicha mbichi umenishinda: unaacha ukakasi mdomoni, na huo ukakasi si wa bure, ni asidi iliyomo kwenye majani, ambayo huzuia mwili kuchukua chokaa (kalsiamu) ya chakula. Mchicha umerudi chunguni pamoja na nazi, mahali pake. Nimejifunza pia kwamba hata karoti, ile rangi yake ya machungwa ambayo mwili huigeuza vitamini A hupatikana kwa urahisi zaidi ikipikwa na mafuta kidogo. Kinyume chake, vitamini C ya chungwa, papai na pera haivumilii moto. Kwa hiyo mbichi si bora kwa kila kitu, na mimi sitaki kuifanya dini. Samaki tutaendelea kuwala wamepikwa, kwa sababu vitamini B12 haimo kwenye mboga wala matunda, na watoto wanakua.

Julai

Hili naliandika kwa urefu ili nisilirudie.

Nilianza kuotesha choroko. Unazipembua, unaziloweka usiku kucha, asubuhi unamwaga maji, unazifunika kwa kitambaa safi kilicholowa na kuzisuuza asubuhi na jioni. Siku ya pili zinatoa vimkia vyeupe, siku ya tatu zinaliwa. Ni tamu, zinavunjika kwenye meno kama kunde changa. Watoto walizipenda kuliko chochote nilichokuwa nimewawekea mezani tangu tuanze, na nilifurahi kupita kiasi.

Wiki ya pili nilichelewa kurudi na choroko zikashinda dirishani na joto lote lile bila kusuuzwa. Usiku nilizinusa, nikasikia harufu ya uchachu kwa mbali. Nilizisuuza mara tatu na asubuhi nikaziweka mezani. Usiku uliofuata mwanangu mdogo akaanza kutapika na kuharisha.

Siku mbili hatukulala. Kituo cha afya walitupa ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi, na vidonge vya zinki vya miligramu 20, kimoja kwa siku kwa siku kumi, na wakasisitiza tuvimalize hata kuhara kukikoma. Siku ya tatu aliomba ndizi, na hapo nikalia. Muuguzi alinieleza jambo ambalo ningepaswa kulijua kabla: joto na unyevu unaoziotesha choroko ndio huohuo unaokuza bakteria, na kusuuza hakutoshi kuwaondoa. Mtoto mdogo, mjamzito na mzee wasile choroko zilizoota zikiwa mbichi. Kwetu mdogo yumo na mzee yumo.

Sasa choroko tunaziotesha bado, ila zinatumbukizwa kwenye maji yanayochemka hadi ziive, na zimehamia mlo wa mchana. Maharage mekundu sijayaotesha wala sitayaotesha ili tuyale mabichi. Yana sumu inayoondoka kwa kuchemshwa sana tu.

Na mboga yoyote inayoliwa mbichi inaoshwa kwa maji yanayotiririka, kisha kwa maji yaliyotiwa dawa na kukaa dakika 30. Ndoo yake ina kifuniko na kata yake, na hakuna anayechovya kikombe humo.

Agosti

Kwa wiki mbili baada ya ugonjwa tulikula uji, na sikuwa na hamu ya kuendelea. Aliyeturudisha ni bibi.

Jioni mtaani kwetu hupita kijana mwenye baiskeli anayeuza mihogo mibichi. Umewahi kuila: mihogo imemenywa, weupe wake unang'aa kwa maji, pembeni vipande vya nazi na fungu la karanga. Bibi alikuwa kibarazani. Akaniita, akanionyesha ile sinia na kusema, "Ulichokuwa unakitafuta vitabuni hicho hapo kinapita." Kisha akaniambia maneno ambayo ndiyo yaliyojenga upya mradi huu: chakula kibichi cha pwani kimekuja na ganda lake. Dafu, nazi, chungwa, ndizi, papai, embe, karanga. Unakimenya mwenyewe, unakila hapohapo, mkono wa mtu mwingine haujakigusa ndani.

Nimekula mihogo na nazi tangu nasoma shule ya msingi na sikuwahi kuiita mlo. Nilidhani mlo mbichi ni lazima ufanane na picha za watu wa mbali.

Mihogo ina masharti yake. Ile michungu ina sumu ya sianidi na hailiwi mbichi kabisa. Ni ya kumenywa, kulowekwa, kukaushwa na kupikwa. Ile mitamu sumu yake ni kidogo, na nyingi imo kwenye ganda. Sisi tunanunua ambayo haijamenywa, kutoka kwa mama tunayemfahamu, na kila muhogo bibi anaung'ata ncha kwanza. Akihisi uchungu hata kidogo, unakwenda kutupwa wote. Anayepata anapata kipande kimoja, si sahani.

Basi asubuhi yetu imekuwa hivi: machungwa ya Muheza, ambayo kwa msimu huu yamejaa kila kona, papai lenye ndimu, ndizi kisukari, karanga kwenye bakuli la katikati, na nazi.

Nazi ndiyo roho ya meza. Bibi amewafundisha watoto kuhesabu umri wake: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Wa miaka 8 amekuwa hodari kuliko mimi. Analishika tunda kwa mikono miwili, analitikisa sikioni. Dafu halisemi kitu kwa sababu maji yamelijaa hadi juu. Nazi iliyokomaa inachakacha. Koroma iko katikati, maji yanasikika kidogo tu, na hiyo ndiyo tunayoitaka asubuhi: nyama yake imekaza lakini jino linaingia, na utamu wa dafu bado haujatoka. Anaikalia mbuzi, miguu ameitanua, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo, anazungusha kifuu taratibu mpaka ungaunga mweupe unarundikana kwenye sinia. Akifika kwenye ile ngozi ya kahawia anaacha. Koroma moja inatosha watu sita, imwagiwe juu ya papai. Mafuta ya nazi ni mazito na mume wangu ana presha, kwa hiyo hatuzidishi.

Kwa kuwa asubuhi mkaa ni wa kuchemsha chai tu, gunia limechelewa kuisha kwa karibu wiki moja.

Septemba

Sasa niandike habari za bahari, maana hapa ndipo watoto walipobadilika kweli.

Mwanzoni tulikuwa tunaondoka saa yoyote, tukifika mara maji yamejaa hadi ukutani, mara yamekwenda zake mbali na hakuna pa kuogelea. Mume wangu, ambaye amekulia Mwambani, akachukua kalenda ya ukutani na kuwachorea watoto mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvu: maji yanajaa sana na kukupwa sana, na hapa kwetu asubuhi yanakuwa yamekupwa kabisa kwenye saa nne hivi. Kila siku yanachelewa kwa karibu dakika 50. Baada ya wiki, ni maji mafu, na saa nne ileile ya asubuhi maji yako juu, yametulia.

Kwa hiyo Jumamosi moja ya bamvu tunatembea kwenye mchanga na miamba iliyoachwa wazi, na Jumamosi inayofuata tunaogelea Raskazone. Wa miaka 11 ndiye mwenye kalenda. Anazungushia duara tarehe na kutangaza Ijumaa usiku, na baba yake hambishii.

Siku za kukupwa kila mtu anavaa ndala au raba, kwa sababu ya wale viumbe wenye miiba mirefu myeusi wanaojificha kwenye mashimo. Watoto wanainua kiti cha pweza, yule kiumbe mwenye umbo la nyota, wanakitazama chini, wanakirudisha kilivyokuwa. Akina mama wenye michokoo, fimbo za kuchokolea mashimo, wanatupita wakitafuta pweza, tunawaamkia, wanatuonyesha mashimo. Hatuvui. Ile ni kazi ya watu na riziki yao, sisi tumekuja kutembea.

Mdogo, yule aliyeugua Julai, ameanza kuelea mwenyewe. Baba yake aliweka kiganja chini ya mgongo wake, akakishusha polepole, na mtoto akabaki pale juu ya maji akitazama mbingu. Ilikuwa kama hesabu ya kumi hivi. Alipogundua kwamba mkono haupo alicheka, akazama, akaibuka akicheka bado.

Oktoba

Safari ndefu ya kwanza kwa baiskeli: Tongoni, kilomita kama 20 kusini kwa barabara ya Pangani. Tanga ni mji wa baiskeli, lakini nilikuwa nimeacha kuendesha tangu nilipoolewa. Bibi alibaki nyumbani, mdogo alikaa mbele ya baba yake. Tulibeba machungwa 24, karanga na madafu matatu. Tulikula chini ya mti karibu na msikiti wa kale, na mkubwa akahesabu makaburi ya zamani yenye nguzo hadi akapoteza hesabu. Kurudi tulipigana na upepo njia nzima. Magoti yaliuma siku mbili.

Njiani mkubwa alitaka kujua kuhusu samaki aitwaye silikanti, kwa sababu pwani hii yote ni hifadhi yake tangu 2009. Nilimweleza kwamba wataalamu walidhani samaki huyo ametoweka tangu enzi za dinosaria, hadi mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Tangu hapo kila akiingia majini anatazama chini, ingawa nimemwambia anaishi kwenye kina kirefu.

Desemba

Embe. Dodo, bolibo, sindano. Sokoni zinauzwa kwa fungu na harufu yake inakupokea kabla hujafika. Kwa wiki tatu sasa asubuhi ni embe na koroma tu, hakuna aliyelalamika, na bibi ameacha kabisa kuulizia uji, ingawa chai yake ya tangawizi hatujamnyang'anya wala hatutamnyang'anya.

Kati ya siku zote tangu Agosti, nimeweka alama asubuhi 11 tulizokula vilivyopikwa: mvua za vuli, msiba wa jirani, mtihani wa mkubwa. Jumamosi tulizokosa bahari ni tatu. Presha ya mume wangu imeshuka mara mbili mfululizo alipopimwa. Bado anameza dawa kama alivyoandikiwa, na mimi sijui nimpe sifa nani kati ya dawa, baiskeli na chumvi tuliyopunguza. Ninachokiona kwa macho yangu ni kwamba anapanda ngazi za ofisini bila kusimama, na Ijumaa jioni yeye ndiye anayejaza upepo kwenye matairi.

Jumamosi hii mwezi ni mpevu. Mdogo ameshaweka ndala zake kwenye kikapu cha baiskeli, na juu yake koroma moja aliyoichagua mwenyewe. Aliitikisa sikioni kwa muda mrefu kwanza.