Mama, leo nimepewa bunduki

Binti yangu alipopanda gari na kuniambia, "Mama, leo nimepewa bunduki," nilikanyaga breki katikati ya barabara. Hapa Ohio neno hilo likitajwa karibu na shule, mzazi damu humkauka. Kumbe ni ubao uliochongwa mfano wa bunduki, mweupe, umezungushiwa tepu ya umeme usipasuke. Anaurusha, unazunguka mara nne hewani, anaudaka. Asipoudaka, unamdaka yeye. Mwezi wa kwanza vidole vilivimba nikawa namkandia maji ya moto kila usiku.

Mchezo wenyewe wanauita kala gadi (color guard). Jina limetoka jeshini, kwa walinzi wa bendera ya kikosi, na mimi nikajua ni gwaride. Wapi! Vuli wanacheza na bendi ya shule kwenye uwanja wa futiboli ya Kimarekani, lakini baridi ikiingia wanahamia ukumbini, bendi inabaki nyuma, muziki unatoka kwenye spika, na hapo ni dansi tupu: bendera za hariri, panga butu, hizo bunduki za mti. Chama cha mashindano yao, WGI (Winter Guard International), kipo tangu 1977, na fainali huwa Dayton, huku huku Ohio, mwezi Aprili. Jaji mmoja anatazama miili, mwingine vifaa, mwingine mpangilio. Ukiangusha bendera, okota uendelee, uso usibadilike. Uso ndio kazi.

Mliocheza halaiki pale Amaan siku ya Mapinduzi mmeshanielewa. Tofauti ni kwamba sisi hatukuwahi kupewa alama, wala wazazi hawakubeba turubai. Maana huku kuna turubai lililochorwa, linafunika karibu uwanja mzima wa kikapu, na ni sisi wazazi tunaolitandika na kulikunja mbio mbio, saa inahesabu. Mkizidisha muda, watoto wanakatwa alama. Mara ya kwanza nilivuta upande usio wangu, tukalikunja kama sambusa. Baba mmoja wa Kimarekani alinitazama kwa jicho ambalo halikuhitaji mkalimani.

Juzi nilimpigia bibi yake Unguja kwa video, nikaielekeza simu uwanjani mpaka mwisho. Alinyamaza kimya. Kisha akauliza:

"Mgeni rasmi nani?"

"Hakuna, mama. Majaji tu."

Akaguna.