Anwani 256 za Akiba: Nilivyozirudisha na Ninavyozilinda Nikiwa Tanga

Mwezi Agosti 2021 mteja wetu mmoja, wakala wa forodha mwenye ofisi karibu na bandari ya Tanga, alinipigia simu kabla hata sijawasha kompyuta. "Mwanangu," aliniambia baada ya kuitikia shikamoo yangu, "barua pepe zangu zinarudi, na meli haingojei barua." Nilimwomba anivumilie hadi adhuhuri, kisha nikaanza kutafuta kosa mahali ambapo halikuwapo: kwenye seva yake, kwenye nyaya, kwenye rauta tuliyomfungia siku tatu kabla. Vyote vilikuwa sawa. Kilichonishangaza ni kwamba baadhi ya tovuti zilifunguka kwake bila shida, nyingine hazikujibu kabisa, ilhali wateja wetu wa Chumbageni na Ngamiani hawakuwa na malalamiko yoyote.

Tofauti kati yake na wenzake ilikuwa moja tu: yeye tulimpa anwani za intaneti, yaani namba zinazotambulisha vifaa mtandaoni, kutoka kwenye akiba.

Ninafanya kazi ya usimamizi wa mitandao kwa mtoa huduma mdogo wa intaneti. Mwanzoni mwa 2019 tulipata anwani 1,024 za IPv4, mfumo wa zamani wa anwani za intaneti, kutoka AFRINIC, sajili ya kikanda ya Afrika, yaani shirika linalogawa anwani hizo na kuandika ni za nani, yenye makao yake Ebène, nchini Morisi. Tulizigawa katika mafungu manne ya anwani 256. Matatu yalikwenda kwa wateja. La nne tulilikusudia kwa huduma za Muheza na Pangani, na ujenzi wa minara ulipochelewa tukaliacha likae. Hatukumpa mtu, wala hatukulitangaza kwenye mtandao, yaani hatukuiambia mitandao mingine kwamba liko kwetu. Tuliamini kwamba kisichoguswa kiko salama.

Anayeona anwani 256 kuwa kitu kidogo alitazame kwanza ghala zilikotoka. Tarehe 3 Februari 2011 mafungu makubwa matano ya mwisho ya IPv4 yaligawiwa sajili tano za dunia, kila moja likaenda kwa sajili yake. Afrika ikapata lile linaloanza na 102, lenye anwani 16,777,216. Jumuiya ya AFRINIC ilikubaliana kanuni ya kulitumia kwa kubana, na ndani ya kanuni hiyo zikatengwa anwani 1,048,576 za kuhifadhiwa kwa mahitaji ya baadaye ambayo bado hayajulikani. Hatua ya pili ya kanuni ilianza tarehe 13 Januari 2020, na kuanzia hapo mwombaji hapati zaidi ya anwani 1,024 kwa ombi moja. Kwa hiyo akiba yetu ilikuwa robo ya kiwango cha juu kabisa anachoweza kupewa yeyote barani kwa ombi moja, mkubwa kwa mdogo. Wazee husema akiba haiozi. Ya anwani inaoza, na siku ile nilikuwa nikiutazama uozo wake.

Nilifungua zana za wazi zinazoonyesha ni mtandao gani unatangaza anwani zipi na tangu lini. Tangazo letu la fungu la nne lilikuwa na umri wa siku tatu. Chini yake palikuwa na tangazo jingine la fungu lilelile, lenye umri wa miezi saba, kutoka mtandao wa bara jingine ambao sikuwahi kuusikia. Nililirudia kulisoma tarakimu moja moja, nikitumaini nimekosea.

Kwa msomaji asiye wa fani hii, mitandao huelekezana njia kwa kuambiana: "Anwani hizi ziko kwangu." Utaratibu huo, uitwao BGP, kwa asili yake haumdai msemaji hati yoyote. Ndiyo maana tarehe 24 Februari 2008 kampuni moja ya simu ya Pakistani, ikitaka kuizuia YouTube ndani ya nchi yake, ilijikuta imevuta njia za YouTube za sehemu kubwa ya dunia. Matangazo mawili ya ukubwa uleule yanapokutana, kila mtandao huchagua njia ulioiona bora kwake. Waliokuwa karibu nasi walimfikia mteja wetu, waliokuwa karibu na mvamizi walimfikia mvamizi. Sisi wa Tanga tunalijua jambo hili kwa upande wa ardhi: kiwanja kisicho na uzio wala bikoni utakikuta kimepandwa mihogo, na aliyepanda atakuonyesha karatasi.

Huyu naye alikuwa na karatasi. Niliuandikia mtandao uliokuwa ukimbebea tangazo, nikaambatisha uthibitisho wa usajili wetu, na baada ya siku mbili wakaniletea nakala ya barua waliyoipokea. Ilikuwa na nembo yetu ya zamani, jina la meneja ambaye hajawahi kuajiriwa kwetu, na namba ya simu iliyopungukiwa tarakimu moja. Ilikuwa imetumwa kutoka anwani ya barua pepe iliyoandikwa kwenye daftari la wazi la sajili kama mawasiliano yetu. Tulipobadilisha jina la kampuni tuliliacha jina letu la kikoa, lile linalofuata alama ya @ kwenye barua pepe, likaisha muda bila kusahihisha daftari, na mtu mwingine akalinunua. Kosa hilo lilikuwa letu, na nililiandika hivyo katika ripoti yangu kwa wakurugenzi.

Tangazo la mvamizi liliondolewa siku ya tano. Kazi yenyewe ndipo ilipoanza. Anwani zile zilikuwa zimetumika kusambaza barua taka, kwa hiyo zilikuwa kwenye orodha nyeusi kadhaa, yaani orodha za anwani ambazo barua zake hukataliwa, na kila orodha ina mlango wake, fomu yake na subira yake. Nyingine zilinijibu baada ya saa chache, moja ikachukua wiki sita. Hifadhidata zinazokisia mahali anwani ilipo nazo zilikuwa zimezihamishia nchi nyingine. Wakati huo wote wakala wetu nilimhamishia anwani za fungu la kwanza, akaendelea na kazi zake.

Jambo la pili lilikuwa uzio. Kupitia lango la wanachama la AFRINIC nilitengeneza hati za ROA, ambazo hutiwa saini ya kidijitali na kueleza ni namba ya mtandao gani inayoruhusiwa kutangaza fungu fulani. Mitandao inayokagua hati hizo hulikataa tangazo linalopingana nazo. Kanuni zinaruhusu pia hati yenye namba sifuri, yenye maana kwamba fungu lisitangazwe na yeyote. Nililifikiria hilo kwa makini, lakini nikachagua kulitangaza fungu la akiba sisi wenyewe na kuutupa mzigo wote wa data unaolielekea, kwa sababu si mitandao yote inayokagua hati, na tangazo letu linaloonekana kila siku ni ushahidi ambao hata asiyekagua anauona. Mawasiliano kwenye daftari sasa ni ya cheo, yanafika kwa watu watatu, na jina la kikoa limelipiwa miaka mingi mbele.

Uzio wa nje hautoshi, na hili ndilo lililonigusa zaidi. Wakati wa ukaguzi niligundua kwamba fundi wetu mmoja aliwahi kuchukua anwani nne za akiba kwa majaribio bila kuandika popote. Hakuwa na nia mbaya. Lakini ukaguzi wa AFRINIC yenyewe, uliotolewa Januari 2021, ulibaini kwamba anwani zaidi ya milioni 2 zilikuwa zimetoka ghalani kinyume cha utaratibu kwa kubadilishwa kumbukumbu, na kumbukumbu hubadilishwa na mwenye ufunguo. Tangu hapo hakuna anwani inayotoka kwenye akiba yetu bila saini za watu wawili, mmoja wao asiye fundi. Mhasibu wetu, dada makini sana, ndiye anayetia saini ya pili, na amewahi kunirudisha kwa sababu sikuandika tarehe ya mwisho ya majaribio. Anwani inayorudishwa na mteja hupumzishwa siku 90 na kukaguliwa kwenye orodha nyeusi kabla ya kupewa mwingine.

Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi ninalinganisha vitu vitatu: daftari letu, daftari la sajili, na matangazo yanayoonekana duniani. Huchukua nusu saa. Wakala wa forodha alirudi kwenye akiba mwaka 2022 akiwa na anwani 16, na barua zake zinafika. Mwezi uliopita zahanati moja ya Pangani ilipewa 8, mhasibu akatia saini, nami nikaandika mstari wa chini yake: zimebaki 232.