Jumatatu moja ya msaidizi wa kisheria, Temeke

Saa 12:10 asubuhi. Chai haijachemka, simu inaita. Sauti ya chini sana: "Dada, naomba nije kwako na mdogo wangu." Namwambia waje sasa hivi, wasisubiri kupambazuke vizuri.

Saa 1:30. Wamefika. Binti ana miaka 19, amejitanda khanga, haniangalii. Anayesema ni dada yake. Jumamosi saa 4 usiku, yeye akiwa msibani, mume wake alimbaka huyu mdogo mtu humohumo ndani. Shemeji yake anayemlisha. Dada anatetemeka, lakini amekuja. Wengi huogopa kupoteza ndoa, wakamnyamazisha mtoto wa mama yao.

Sikumuuliza binti "ulikuwa umevaa nini?" Nilimwambia, "Mdogo wangu, nakuamini. Si kosa lako." Ndipo akainua macho.

Nikahesabu: zimepita saa 33. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inazipunguzia nguvu. Za kuzuia mimba mwisho saa 120. Muda tunao, ila si wa kuchezea.

Dada akatoa gauni kwenye mfuko wa nailoni. Nashukuru hakulifua. Limeanza kutoa unyevu, na unyevu huharibu ushahidi, kwa hiyo tukalihamishia kwenye bahasha ya kaki. Khanga aliyokuwa amejifunga binti, aliifua usiku uleule. Ameoga pia. Hapo ndipo aliponiangukia akilia, akidhani ameshaharibu kesi. Nikamwambia hapana, daktari bado ana cha kuangalia, na maelezo yako nayo ni ushahidi.

Saa 2:45. Bajaji hadi hospitali yenye kituo cha mkono kwa mkono. Pale polisi, daktari na ofisa ustawi wa jamii wako sehemu moja, na PF3, fomu ya polisi ya uchunguzi wa daktari, inajazwa palepale. Mtu hazungushwi akisimulia maumivu yake kwenye madirisha manne. Laiti kila wilaya ingekuwa na kituo kama hiki! Afande wa kike wa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi alifunga mlango kabla ya kuuliza swali la kwanza. Nilimpenda kwa hilo tu.

Saa 7 mchana. Dozi ya kwanza imemezwa mbele ya nesi. Ni siku 28, bila kuruka. Nimemkabidhi dada kazi ya kukumbusha.

Saa 9. Ofisini namkuta binti anayefanya kazi hotelini. Bosi humshika kiuno na kumtumia ujumbe wa usiku, na alitaka kuufuta kwa aibu. Usifute, mama. Piga picha ya kioo cha simu (screenshot), andika tarehe na nani alikuwepo. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 138D, inautambua unyanyasaji wa kijinsia, wa maneno na wa vitendo. Kesho tutakwenda wote polisi.

Saa 11 jioni. Kwenye genge la nyanya mama mmoja ananiuliza kama kweli mume haruhusiwi kumrudi mkewe kwa fimbo. Haruhusiwi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, imekataza waziwazi. Ameirudia namba hiyo mara mbili, akaiandika kwenye ganda la sigara.

Saa 1 usiku. Mjomba wa ile familia amepiga. Wazee wamekaa, anasema, haya tungeyamaliza nyumbani, mtoto alipwe fidia. "Shikamoo mjomba," nikamjibu, "kesi ya ubakaji haimalizwi kwenye mkeka." Alikata simu. Bila shaka kesho atapiga tena.

Saa 3 usiku. Ujumbe wa dada: wamehamia kwa shangazi Mbagala, binti amekula uji kidogo, amelala. Nimetega kengele ya simu saa 6:30 mchana, nimpigie kabla ya dozi ya pili.