Siku moja na miche 160 nyuma ya nyumba ya mama

Hapa Kihonda, Morogoro, mtu akiniuliza nafanya kazi gani nikamjibu nalima nyanya, swali linalofuata ni "shamba lako liko wapi?" Nikimwambia liko nyuma ya nyumba ya mama, ananiangalia kwa huruma. Majirani nao wana kauli yao: "Yule yupo tu nyumbani." Haya, hii ndiyo siku ya aliyepo tu nyumbani. Jumatano ya juzi.

Saa kumi usiku. Maji ya bomba kwetu ni ya mgao, na mgao wenyewe hauna adabu, huja watu wamelala. Nimetega sufuria kuukuu chini ya bomba la uani. Maji yakianza kutoka, inapiga kelele na mimi naamka. Usiku huo ilikuwa siku ya nne tangu tuyaone. Siku tatu zote nilikuwa nanunua madumu kwa kijana wa mkokoteni, 300 kila moja, madumu 12 kwa siku. Piga hesabu mwenyewe. Nikajaza pipa, nikajaza madumu, nikajaza hadi beseni la kufulia, mbu wakinila miguu.

Saa kumi na mbili asubuhi namwagilia. Lita moja na nusu kila mche, kwa kopo, chini ya shina. Mpira ningemaliza upesi, lakini mpira unalowesha majani, na jani lililolowa ndipo ugonjwa wa bakajani unapopatia nyumba. Kwa hiyo nainama mara 160. Juu ya udongo nimetandaza nyasi kavu, jua lisiyanyonye maji yote kabla ya saa sita. Halafu chai na kiporo cha wali.

Saa mbili ni ukaguzi, na hapa ndipo watu wanaponiona nimesimama nikitazama majani kama mtu aliyefiwa. Ninachotafuta ni kantangaze. Huyu mdudu asili yake ni Amerika ya Kusini, Tanzania ameripotiwa mwaka 2014, na wakulima waliopata hasara ndio waliompa jina hilo, ambalo halihitaji maelezo. Namtafuta hivi: nashika jani nalielekeza juani. Likiwa zima, mwanga unapita sawasawa. Likiwa naye, unaona doa jeupe kama karatasi iliyolowa mafuta, na ndani ya doa, katikati ya ngozi mbili za jani, kiwavi mdogo kuliko punje ya mchele anakula taratibu, na kinyesi chake cheusi kimejikusanya pembeni. Namminya humo humo. Jani nalitia kwenye mfuko wa nailoni, naufunga, nauanika juani. Siku hiyo nilipata majani 23. Si mabaya.

Kibaya kilikuwa mstari wa tano. Mche mmoja umelala. Majani bado ya kijani kabisa, lakini yamening'inia kama nguo zilizoanuliwa vibaya, na jana jioni ulikuwa mzima. Kiu haikuwa, maana nilikuwa nimetoka kuunywesha. Mbegu yangu ni Tengeru 97, niliichagua kwa sababu inavumilia ugonjwa wa mnyauko fusari, lakini fusari huanza kwa kuyageuza majani ya chini kuwa ya njano. Huu ulikuwa umenyauka ukiwa kijani. Nikaukata shina karibu na udongo, nikachukua glasi ya maji safi kabatini, nikakining'iniza kipande ndani kwa uzi, nikasubiri. Dakika chache tu. Kwenye mkato ukaanza kushuka uzi mweupe, mwembamba, kama mtu anadondosha maziwa kwa sindano. Mnyauko bakteria. Huo haupigwi dawa ukapona, na vijidudu vyake hukaa udongoni miaka. Niliung'oa na udongo wake, nikaweka kando wa kuchoma, jembe nikalisugua kwa sabuni. Pale hapaoti tena nyanya, wala bilinganya, wala pilipili, wala viazi mviringo. Labda mahindi.

Nilikuwa nataka kukaa chini kidogo niuhuzunikie ule mche. Geti likagongwa.

Huyu mama alinipigia Jumapili. Ana sendofu ya binti yake Jumamosi, anataka ndoo kubwa mbili, tukakubaliana 15,000 kila ndoo, atakuja Jumatano saa mbili na nusu. Nilizichuma Jumanne jioni, nikazichambua moja moja. Alifika saa tano kasoro, na bajaji ikimsubiri nje ikiunguruma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndizo hizi?"

Akachuchumaa, akaanza kuminya. Jamani, nyanya haiminywi. Ukiiminya leo haioneshi kitu, kesho mahali pa kidole panalainika, keshokutwa panachuruzika. Aliminya za juu zote, akazamisha mkono hadi kiwiko akaminya za chini.

"Mbona nyingine hazijaiva?"

Nikamweleza kwamba nimezichuma zikiwa ndiyo zinaanza kuwa na wekundu kwa makusudi, kwa kuwa shughuli ni Jumamosi. Nikimpa nyekundu kabisa Jumatano, kwa joto hili la Morogoro, Jumamosi atapikia rojo. Azitandaze ndani kwenye kivuli, zisikae kwenye ndoo, na Ijumaa usiku zote zitakuwa tayari. Alinisikiliza vizuri. Nilipomaliza akasema, "Mimi nataka nyekundu."

Tukaanza upya. Katikati ya maelezo ya pili akaibuka na moja, akaigeuza kichwa chini. Kitakoni ina duara jeusi, kavu, limebonyea, pana kama sarafu.

"Kwa hiyo unaniuzia zilizooza."

Hapo alinipata, sikatai. Ilinipita kwenye kuchambua. Ile ni kuoza kitako, na si ugonjwa wa kuambukiza. Tunda hukosa madini ya kalisi. Udongo unaweza kuwa nayo tele, lakini kalisi husafiri na maji, na mche ukikauka, ukanywa, ukakauka tena, haifiki kwenye tunda. Ndiyo ule mgao sasa unajionesha. Nikaitoa, nikamwekea nzuri tatu, nikaomba radhi. Bajaji ikapiga honi.

Halafu akasema neno ambalo ndilo lililonifanya niandike haya yote.

"Mwanangu, sokoni Mawenzi nyanya za Mlali napata kwa bei hii hii, na zile zimepanda gari. Hizi ni za nyumbani tu. Si umeziokota hapo nyuma ya choo?"

Mtu mzima yule. Huwezi kumjibu. Nilimeza mate. Nilitamani kumshika mkono nimpeleke kwenye pipa, kwenye daftari la madumu, kwenye viroba sita vya samadi nilivyovibeba kwa baiskeli kutoka kwa mfugaji na kuvilaza wiki kadhaa vipoe kwanza visije vikaunguza mizizi, kwenye ile glasi yenye uzi wa maziwa. Nilichosema ni, "Hapana mama, bei tulishakubaliana." Akasema nimwongezee juu basi. Nikaongeza. Akasema bado ndoo haijashika kichwa. Nikaongeza. Akahesabu 25,000, akasema tano atanitumia kwenye simu akifika nyumbani, na mimi mwenyewe nikazibeba zile ndoo hadi kwenye bajaji. Ilikuwa inaelekea saa sita.

Kwa hiyo kazi ya asubuhi ikaangukia jua kali. Kupunguza maotea nilitakiwa kuwa nimeshamaliza. Ni vile vichipukizi vinavyoota kwapani mwa jani; ukiviacha mche unakuwa kichaka, hewa haipiti, matunda yanabaki madogo kama ngogwe. Unavivunja kwa vidole vikiwa bado vidogo. Ukifika mche wa thelathini vidole vimekuwa vya kijani, wa themanini vimekuwa vyeusi na vinanata, na harufu yake hata kwenye ugali unaila. Ukinawa, povu linatoka la njano. Nikafunga pia mashina kwenye miti kwa vitambaa vya kanga kuukuu za mama. Kamba ya nailoni inakata. Kutikisa maua ili yashike matunda, wakati chavua iko kavu, sikuwahi tena. Mengine yalishaanguka kwa joto, nikayaona juu ya nyasi, ya njano, madogo.

Sijui ilikuwa saa ngapi nilipolala chini ya mwembe. Najua niliamshwa na mtoto wa jirani: "Mama anaomba nyanya mbili tu za kachumbari." Nikampa tatu. Hawa wa mbili mbili sijawahi kuwahesabu, na sitaki.

Jioni jua likipoa nilichuja majani ya mwarobaini niliyoyatwanga na kuyaloweka jana, nikatia sabuni kidogo, nikapuliza, hasa mgongoni mwa majani ambako inzi weupe hujificha. Hao ndio wanaoleta ugonjwa wa rasta, majani yakajikunja na mche ukagoma kukua. Nikachoma ule mche wa asubuhi. Nikaangalia simu. Ile tano haijaingia.

Mama alirudi giza limeingia, kachoka, akapitiliza jikoni. Nikamsikia anafungua kabati, anafunga, kisha kimya.

"Wewe! Nani kaweka maziwa kwenye glasi yangu ya wageni?"

Nilikimbia.

"Mama, usinywe hiyo!"