Desemba ya rangi mbichi

Desemba ya mwaka juzi nilifunga picha nne nilizochora kwa magazeti, nikazipakia kwenye daladala ya Makumbusho, Dar es Salaam, nikarudi nyumbani Bagamoyo nikijiona nimeumaliza mwaka. Jioni simu ya mteja ikaita. "Dada, nimenunua tembo au nimenunua gazeti?" Habari za michezo zilikuwa zimejichapa kwenye sikio la tembo, zikisomeka kinyumenyume. Nikarudisha hela yote. Krismasi ile tukala maharage, pilau tuliisikia harufu yake kwa majirani.

Nachora Tingatinga, mtindo aliouanzisha Edward Saidi Tingatinga kule Dar es Salaam mwaka 1968: hadibodi, yaani ubao mwembamba wa kiwandani, na rangi ya mafuta ya kopo. Rangi hiyo haikauki kwa maji kupotea kama ile ya ukutani. Inakauka kwa kukutana na hewa, kwa hiyo juu inajifanyia ngozi mapema huku chini ikiwa bado mbichi. Ukigusa kwa kidole unadanganyika. Sasa weka hapo vuli ambayo haijakatika vizuri, weka na unyevu wa bahari, halafu weka mchoraji mwenye haraka anayepaka nene ili picha ing'ae. Huyo nilikuwa mimi.

Mwaka jana niliamua kwamba baada ya tarehe 20 Novemba sipokei oda ya sikukuu. Kupanga hivyo ni rahisi, kazi iko kwenye kukataa hela iliyokwisha kutolewa kwenye pochi. Desemba 3 alikuja mama mmoja anataka pundamilia wawili wa kumpelekea mkwewe. Nikamwonyesha picha ndogo zilizokwisha kukauka. Alinuna, akachagua moja ya wavuvi, akaomba apunguziwe, nikampunguzia. Shangazi, aliyekuwa barazani akichambua mchele, akasema naifukuza riziki kwa mguu. Sikumjibu. Maharage ya mwaka juzi tulikula naye.

Kingine nilichobadilisha ni kupaka nyepesi, na kuacha siku mbili au tatu kabla ya kurudia. Fundi seremala alinipigilia fito ukutani zenye nafasi katikati, hewa ipite juu na chini ya picha. Asubuhi nafungua dirisha, magharibi nafunga, maana mbu wakitua kwenye anga jeupe hawatoki tena. Kupima nabonyeza ukucha pembeni kabisa, pale patakapofichwa na fremu: ukiacha alama, inarudi kwenye fito. Na magazeti nimeyaacha. Nabandika vipande vya mbao kwenye pembe nne, ndipo nafunika kwa amerikani iliyofuliwa, kitambaa kisiguse uso wa picha.

Oda zote saba ziliondoka kabla ya tarehe 20 Desemba, na hakuna simu iliyokuja jioni.

Tarehe 27 nikakaa na daftari. Ninaandika kila picha: siku nilizotumia, makopo, bei. Nilijua nimechora Kilimanjaro yenye twiga mara nyingi, ila kuhesabu ni jambo jingine. Kumi na moja! Zimeuzika mbili. Na huo mlima sijawahi kuuona hata kwa mbali. Nilikuwa namchorea mgeni niliyemtunga mwenyewe kichwani, nikidhani anataka hivyo. Zilizotoka ni milango ya kuchonga ya Mji Mkongwe wa hapa Bagamoyo, mama wauza samaki, jahazi lililolalia ubavu maji yakiwa yamekupwa. Vitu ninavyopishana navyo nikienda sokoni. Iliniuma kidogo, nisiseme uongo. Siku sita sita za twiga, mara kumi na moja.

Hadibodi ni hela, haitupwi. Nikachukua twiga watatu na msasa, nikakaa uani kuwasugua. Wawili walikubali. Wa tatu shingo ilikataa kufutika, rangi yake ilikuwa nene mno. Nikaitazama muda mrefu. Siku iliyofuata nikaenda Kaole, kwenye magofu ya misikiti na makaburi ya zamani, nikachora kwa penseli lile kaburi lenye nguzo ndefu. Nikarudi nikaiweka nguzo palepale penye shingo. Imekaa sawasawa, na madoa ya twiga yanachungulia kwa chini kama mawe ya matumbawe.

Leo ni Januari 2. Iko kwenye fito, nimeibonyeza ukucha asubuhi hii. Bado.